Bonyeza Tena, Mama

Yaliyompata bibi yangu mzaa mama yalianza saa nne asubuhi, jua likiwaka, chai mezani. Mnaodhani uchawi husubiri giza, sikilizeni: kijana huyu alipiga hodi, akavua viatu.

Shati limenyooshwa, kitambulisho shingoni. Alisema anahakiki wastaafu walio hai, akatoa mashine ya alama za vidole. Bibi alishona sare kiwandani miaka thelathini. Sindano ya cherehani ilimchana kidole gumba, ikaacha kovu la mshazari. Kidole kile kimechakaa, mashine hukikataa. Amezoea kuambiwa arudie.

"Bonyeza tena, mama. Tena."

Bibi akanipigia. "Mjukuu wangu, huyu mgeni nimwamini?"

Nilikuwa najiandaa kwa mdahalo. "Bibi, bonyeza tu, usisumbue watu." Mimi, bingwa wa kuhoji!

Mchana roho ikakataa kutulia. Nikapigia simu ofisi ya pensheni. "Hatutumi mtu majumbani," wakasema.

Nilikimbia. Nikamkuta ameketi, mikono mapajani.

"Kimeondoka," akanong'ona.

"Nini?"

Akanionyesha kidole. Laini kama sahani. Hakina mistari. Hakina kovu.

"Basi sasa nikiiba hawanipati," akatania.

Ndipo nikaziona alama. Juu ya mlango. Ukutani. Kwenye kabati. Nyeusi, mbichi, kila moja na kovu la mshazari. Zilikuwa zinaelekea droo yenye hati ya nyumba.

"Bibi, ni wewe?"

"Sijainuka hapa tangu aondoke."

Nikavuta droo. Hati ipo. Nikaikumbatia mpaka ofisi ya ardhi, niombe zuio nyumba isiuzwe. Karani akaitazama, akanitazama.

"Kuna kijana ametoka hapa sasa hivi, anaiuza nyumba hii. Mashine imekikataa kidole chake mara tisa."

"Bila hati?"

"Alisema hati iko njiani. Inaletwa."

Nikageuka. Nyuma yangu hakuna mtu.

Zuio likawekwa. Kidole kilichochakaa kwa kuwashonea watoto wa watu ndicho kilichomchelewesha mwizi. Nyumba ni ya bibi mpaka leo. Anayebisha aje tubishane.

Ila simu yangu ina alama kwenye kioo, pale jina la bibi hutokea akipiga. Nyeusi. Kovu la mshazari.

Kioo nimekibadilisha mara mbili.

Asubuhi hii nimeigusa. Bado mbichi.