Miwani ya Kuchomelea Haizuii Leza

Kila asubuhi Mama Tindo alifungua karakana, akafagia, akamwomba Mungu awalinde, ndipo akashika tindo lake. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyemshinda kubandua kutu. Karakana ilikuwa ya mume wake na shemeji yake. Walisafisha vyuma vya viwandani.

Kutu iliyokataa tindo, mume wake aliipuliza kwa mchanga. Bomba la upepo lilitema mchanga, kutu ikatoka, karakana ikajaa vumbi. Puani alijifunga kitambaa tu. Sasa alikaa chumba cha nyuma, akihema kama aliyepanda mlima, na mlima wenyewe ni kutoka kitandani hadi mlangoni. Daktari alisema vumbi limeharibu mapafu, na hayatarudi yalivyokuwa.

Mama Tindo alilia, akafuta machozi, akatangaza kwamba mchanga hautapulizwa tena hapo. Shemeji akauliza watakula nini.

"Tutakula," akamjibu, "lakini hatutakula mapafu ya mtu."

Wakakodi mashine ya leza. Fundi wa mashine alikuwa dada mmoja mcheshi. Aliweka gia kubwa ya kinu cha unga mezani, imejaa kutu na grisi, akawaeleza.

"Leza ni mwanga mkali sana. Ukipiga kutu, kutu inaunywa ule mwanga, inapata joto, inaruka kama moshi. Chuma chenyewe kinaurudisha. Kwa hiyo uchafu unatoka, chuma kinabaki."

Kisha akatoka kwenda kushusha feni ya kuvuta moshi garini. Miwani ya leza aliyokuja nayo ilikuwa moja tu. Nyingine, alisema, ataleta kesho.

Nje, mwenye kinu alikuwa akilalamika kwamba kinu kimesimama. Shemeji hakungoja. Alimpa Mama Tindo ile miwani, yeye akavaa miwani yake nyeusi ya kuchomelea, akanyoosha mkono kwenye ufunguo wa mashine.

Mama Tindo akauwahi. Akauchomoa, akautia mfukoni.

Shemeji akacheka. "Shemeji, miwani hii imetazama moto tangu hujaolewa hapa. Leo ishindwe na taa?"

"Mwanga huu inaujua? Umeulizia?"

"Lete ufunguo. Mteja anangoja."

"Sileti. Nimeshauguza mmoja. Wa pili atauguzwa na nani?"

Shemeji akapaza sauti kwamba karakana ina wanaume wake. Hapo sauti ikatoka chumba cha nyuma, ikikatika kwa pumzi.

"Mdogo wangu... na mimi nilisema... ni vumbi tu."

Fundi aliingia na feni, akaona ile miwani nyeusi usoni kwa Shemeji. Tabasamu lake likafutika.

"Kaka, vua hiyo. Imetengenezwa kwa moto wa kuchomelea. Mwanga wa leza hii hauonekani. Ukirudishwa na chuma ukaingia jichoni, hutasikia maumivu, hutapepesa. Utashtukia tu jicho halioni. Kila leza ina miwani yake, na namba ya mwanga wake imeandikwa kwenye kioo."

Shemeji akaivua polepole.

"Basi kazi ni kesho," Mama Tindo akasema. Akatoka akamwambia mwenye kinu maneno hayohayo. Mwenye kinu akafoka. Mama Tindo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

Kesho yake fundi alileta miwani iliyopungua, wakavuta pazia maalumu la kuzuia leza kuizunguka meza. Wakavaa miwani na barakoa za kuchuja moshi, maana moshi wa kutu na rangi ya zamani ni sumu. Feni ikawashwa kwanza, leza baadaye. Shemeji alipitisha mwanga kwenye meno ya gia, jino moja baada ya jingine. Chuma cha kijivu kikatokea, safi, bila mkwaruzo. Feni ikameza moshi wote. Hakuna aliyekohoa.

Kumbe mwenye kinu alikwishaingia karakanani. Alikuwa ameshika pazia, anataka kuchungulia gia yake. Shemeji akamwona, akazima mashine, akamzuia kwa kifua.

"Hiyo gia ni yangu," mwenye kinu akasema.

"Gia ni yako," Shemeji akamjibu. "Macho ni ya Mungu, na humu hayapofuki. Kangoje nje."

Mwenye kinu akamtazama Mama Tindo, akitafuta msaada.

"Umemsikia," Mama Tindo akasema, akavuta pazia.