Msifute Nyimbo za Modeste

Wazazi wenzangu, nayaandika haya ili yasiwapate na ninyi.

Sisi tunalima maharagwe hapa kambi ya Nakivale, Uganda. Tukirudi shambani, binti yangu Vanessa anawasha kompyuta ya baba yake, Modeste. Modeste alikuwa mpiga kinanda wa kwaya yetu. Alikufa mwaka jana. Nyimbo alizotunga ziko humo, kwenye faili za MIDI. Tulitaka zipigwe siku ya kumaliza matanga.

Tulipozijaribu, sauti ilikuwa mbaya. Kinanda kililia kama simu ya zamani, filimbi kama mbu. Ancilla, kiongozi wa kwaya, alicheka kidogo. Alisema bwana yangu hawezi kuagwa kwa mchezo wa watoto. Afadhali tuziache.

Vanessa hakukubali. Bila kuniambia, alipeleka kompyuta sokoni kwa Junior, anayewawekea watu nyimbo kwenye simu. Alianza na wimbo anaoupenda kuliko yote, ule baba yake aliomtungia siku ya ubatizo. Junior aliona faili ni ndogo mno. Alisema wimbo mzima hauwezi kuwa mdogo hivyo, virusi vimekula sauti. Akaugeuza kuwa MP3, kisha akaifuta ile faili ya zamani, eti isiambukize nyingine.

Sauti ikabaki mbovu vilevile. Niliposikia, nilimkataza Vanessa asiguse tena. Tukaenda Mbarara kwa Kamaldin, fundi wa kompyuta.

Kamaldin hakushika hata bisibisi. Alisikiliza, akaniuliza, "Nyabo, mama, kiongozi wa kwaya yenu anafanya nini mbele?"

"Anapunga mikono."

"Mikono iko na sauti?"

"Hapana. Sauti ni ya waimbaji."

"Basi MIDI ni mikono. Inasema piga hii, ngoja, piga ile. Ndiyo maana ni ndogo, haijaliwa na kitu. Waimbaji wanakaa ndani ya kompyuta. Wa hii yenu ni wabovu."

Kwanza alinakili nyimbo zote kwenye flashi. Alisema hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla mtu hajagusa kitu. Halafu akaweka programu ya kupiga MIDI, akaipa soundfont, yaani faili kubwa yenye sauti za vyombo vya kweli. Alituonya tusichukue soundfont fasi yoyote tu, maana huko virusi vya kweli viko mingi. Kisha akapiga wimbo mmoja.

Nilishika meza. Ilikuwa kama Modeste yuko chumba cha pili.

Vanessa akauliza polepole, "Na ule wangu?"

Kamaldin aliitafuta ile faili iliyofutwa, akatafuta sana. Haikuonekana. Alisema MP3 ni sauti iliyokwisha kurekodiwa, mikono haimo tena. "Mpaka mpiga kinanda aisikilize, apige yote upya."

Mpiga kinanda wetu alikuwa Modeste.

Siku ya matanga nyimbo zilitoka vizuri. Ancilla alilia kwanza, ndipo akainua mikono. Ulipofika wimbo wa Vanessa, mtoto alifunga kompyuta mwenyewe, ile MP3 mbovu isisikike. Tukauimba kwa midomo. Fasi ya filimbi tulinyamaza, kila mtu akiangalia chini, mpaka ikapita.