Tusi la Saa Saba

Kinyozi alikuwa anakatiza sokoni kakumbatia kioo kikubwa, akiomba njia kila hatua, binti mwenye gauni la manjano akamsimamisha. Hakumtazama yeye, alijitazama. Akakaza kilemba, akafuta jasho puani, akasema, "Asante, Kioo." Jina likanasa hapohapo, na mapenzi yakafuata nyuma kama mkia.

Binti alikuwa mshonaji, mtoto wa pekee wa dereva mstaafu mwenye ulimi mkali kama wembe. Ndiyo maana binti alimpigia Kioo simu kumwonya asitie mguu nyumbani kwao kabla yeye hajamlainisha baba.

"Umenisikia, kipenzi?"

"Nimesikia mpaka kisigino."

Masikio ya mapenzi hayo. Wiki haijaisha, mchana mmoja Kioo akachomekea shati jeupe, akaenda kwa mzee kujieleza mwenyewe. Alitoka kwa kasi zaidi kuliko alivyoingia, akaapa hatamwambia mtu.

Mchana huohuo binti alirudi nyumbani kuchukua uzi. Akamkuta baba kitini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Akampigia Kioo, naye akafika na teksi.

Hospitali, daktari alieleza harakaharaka. Ni kiharusi. Picha ya kichwa imeonyesha damu imeganda kwenye mshipa, haijamwagika. Dawa ya kuiyeyusha ipo, ila saa zake ni chache, na zinahesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima. Zikipita, dawa yenyewe inaweza kumwaga damu kichwani.

"Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa lini?"

"Asubuhi, nikienda kazini," binti akajibu.

Daktari akashusha kalamu. Muda ulikuwa umeshapita.

Kioo akatazama viatu vyake. Navyo vikakataa kumsaidia.

"Saa saba alikuwa mzima," akasema. "Redio ndiyo ilikuwa inaanza taarifa ya habari."

Binti akamgeukia. "Umejuaje?"

"Alikuwa ananifukuza."

Daktari akasogea karibu. Alitaka kujua kama maneno yalinyooka, na yalikuwa maneno gani hasa.

"Yalinyooka kama rula. Alisema, kijana, unaishi kwa vichwa vya watu. Chako umekiweka wapi? Akanionyesha mlango kwa mkono huohuo wa kulia."

Muuguzi akaziba mdomo kwa kiganja. Daktari hakucheka, aliagiza dawa.

Baada ya hapo simu za Kioo hazikupokelewa. Kwenda kwa mzee, binti angemsamehe. Kukaa bubu njia nzima ndani ya teksi ndiko kulikomchoma. Na swali likamtafuna: au ni ule ugomvi uliomwangusha baba? Alipomuuliza daktari, akaambiwa wa kulaumiwa ni shinikizo la damu ambalo mzee alilipuuza miaka mingi. Lile tusi, daktari akaongeza, ndilo lililofungua kabati la dawa.

Hatimaye simu ikaita kwa kinyozi.

"Njoo na wembe. Baba ana ndevu, hata wauguzi wanamwogopa."

"Umenisamehe?"

"Nimesema njoo na wembe. Na safari hii useme kabla hujaulizwa."

Wodini, Kioo akampaka mzee povu. Maneno ya mzee yalikuwa yanarudi mojamoja, kama kuku jioni. Akauinua mkono wa kulia taratibu, akamwelekezea kinyozi kidole.

"Chako... umekiweka... wapi?"

Binti akashika ukingo wa kitanda, kicheko na machozi vikigombania mlango mmoja.

"Kwa binti yako, mzee," Kioo akasema. "Nimekuja kuomba anichukue na kiwiliwili."

Mzee akafikiri, povu likimtiririka shingoni.

"Nyoa... kwanza," akasema. "Tuone."