Faiwoli Iliyoona Kila Kitu

Ndugu wasomaji, simameni wima na mvue kofia. Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, ndani ya bwalo la shule yetu ya bweni, maiti iligunduliwa mbele ya mashahidi mia moja na ishirini.

Marehemu alikuwa mtihani wa Fizikia. Kurasa nne.

Mahali pake palilala karatasi ya mzaha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na swali moja: "Mwalimu wa Fizikia akikoroma kikaoni, kioo cha dirisha kitapasuka baada ya sekunde ngapi?" Bwalo likaangua kicheko. Wasimamizi walizikusanya karatasi kabla hata mmoja hajafunua ukurasa wa pili.

Kicheko hakikudumu. Mtihani ule ulikuwa wa shule tano, umehifadhiwa kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, huko wanakokuita winguni. Shule tano zilikuwa zimecheka kwa pamoja. Mkuu wa shule akapiga simu polisi.

Inspekta wa makosa ya mtandao alifika saa nne: mwanamke mfupi, daftari mkononi, viatu visivyotoa sauti. Ofisini kwa Mkuu alimkuta fundi wa mtandao amesimama kama aliyekwisha kuhukumiwa.

"Huyu hapa, afande," alisema Mkuu. "Wiki mbili nzima anaifanyia majaribio faiwoli mpya, mlinzi wa kukagua kila kinachoingia na kutoka mtandaoni. Mwizi kapita mbele yake! Bodi inakutana saa sita. Barua ya kumwachisha kazi nimeshaiandika."

Fundi huyo, wasomaji wangu, ndiye aliyekuwa akituunganisha na wazazi wetu kila Jumapili, katika saa zake za kupumzika, bila kudai hata asante. Hakuna bweni lisilomshukuru.

"Faiwoli ilimzuia mwizi?" Inspekta aliuliza.

"Hapana," fundi alijibu.

"Ilimwona?"

"Ilimwona. Iliandika kila kitu."

"Sasa mbona haikuzuia?"

"Niliiweka itazame tu, afande."

"Kwa nini?"

Fundi alimtupia Mkuu jicho, kisha akatazama sakafu.

Inspekta akavuta kiti, akasoma kumbukumbu za kifaa mstari kwa mstari.

"Siku ya kwanza ilizuia vizuri kabisa. Saa nane na dakika tano ikazuia video kumi na moja za mieleka, zilizoitishwa na kompyuta ya ofisi hii. Saa nane na dakika kumi, kwa agizo la ofisi hii hii, ikalegezwa."

Mkuu alikohoa. "Nilikuwa napima kasi ya mtandao."

"Kwa mieleka?"

"Mieleka ina kasi sana, afande."

Inspekta akamgeukia fundi. "Mama, ungefukuzwa leo. Kwa nini hukusema?"

"Miaka sita iliyopita hakuna aliyetaka kuniajiri. Yeye alinipokea. Ningemwaibishaje?"

Mkuu aliinamisha kichwa. Akaichukua barua yake mezani, akaichana vipande vinne, kisha vinane.

"Haya, mwizi alitokea wapi?" Inspekta aliuliza.

"Ndani humu humu," alisema fundi. "Kompyuta namba sita, maktaba, Ijumaa wakati wa mapumziko. Alitumia nywila ya mwalimu wa Fizikia. Kabla ya kifaa hiki, wageni wa kutoka nje tuliwapekua, lakini safari ya kutoka hapa kwenda winguni hakuna aliyeikagua. Tuliiona ya ndugu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Inspekta, na kuagiza daftari la maktaba.

Wanafunzi saba walikuwa wametia saini. Waliitwa ofisini, wakapangwa ukutani. Inspekta akafunua ukurasa wa nne wa ile karatasi ya mzaha, akasoma kwa sauti kavu kama tangazo la msiba:

"'Kokotoa nguvu inayohitajika kumwondoa mwalimu wa zamu mlangoni mwa jiko. Puuza msuguano.' Basi. Hata haichekeshi."

"Inaendelea, afande!" sauti ilipasuka. "'Lakini usipuuze harufu ya nyama!' Bila hiyo umeiua kabisa!"

Ukurasa wa nne hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuona.

Sita waligeuka kumtazama wa saba. Na wa saba, ndugu wasomaji, ni mimi ninayewasimulia.

"Nywila uliitoa wapi?"

"Mwalimu huitamka akiiandika, afande. Herufi moja moja."

"Na sababu?"

"Nilikusudia kuonyesha udhaifu wa mfumo wetu wa..."

"Sababu."

"Sikuwa nimesoma. Sura ya mwendo sikuigusa kabisa. Nilitaka wiki moja tu ya kujiandaa."

"Ulijua mama huyu angefukuzwa?"

"Nilisikia leo asubuhi." Nilimgeukia fundi. "Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu kubwa. Nisamehe, mama."

Fundi alinisogelea. Nilitarajia kofi, na nilistahili. Badala yake aliniwekea mkono begani.

"Asante kwa kusema, mwanangu. Wala usijali, hukuharibu kitu. Kila kilicho winguni nina nakala yake hapa ofisini. Mtihani wa kweli ninao. Mnaufanya leo hii, saa nane."

Nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Kisha nikamgeukia Inspekta, nikamnyooshea mikono miwili, na kumwomba kwa unyenyekevu anipeleke mahabusu.