Kiti cha Pembeni, Nyuma ya Goli

Foleni ya kahawa katika uwanja wa barafu wa mji wa Sudbury ilikuwa ndefu. Odile Charbonneau akakanyagwa mguu na mwanamume mwenye koti jeusi na skafu ya kijani.

"Samahani, dada. Nilikuwa natazama chipsi, si miguu."

"Basi ninunulie. Zile za jibini na mchuzi."

Aliitwa Wade Hrynkiw. Wote wawili walikuwa watafuta vipaji, kila mmoja wa timu yake, wakipima vijana wa hoki ya barafu ambao timu kubwa zingewachagua kwa zamu mwezi Juni. Chipsi zilizaa chakula cha jioni, chakula kikazaa mapenzi. Lakini uwanjani waliketi mbalimbali. Mtafuta vipaji hapigi makofi, wala hamwambii wa timu nyingine anamtaka nani.

Odile aliteleza ulimi mwezi Machi, kwenye simu.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Timmins. Theluji tupu. Nimemwona tena yule kipa, Laframboise."

"Yule anayefungwa ovyo?"

"Ovyo wapi, wewe! Akifungwa hatazami benchi. Anakunywa maji, anasubiri. Huyo ndiye..." Akajing'ata ulimi. "Sahau nilichosema."

"Nitasahau vipi, mpenzi?"

Tangu siku ile Wade hakupiga tena simu, wala hakupokea. Uwanjani alihamia kiti cha pembeni, nyuma ya goli. Odile akimtazama, yeye anatazama barafu. Kisha hata kile kiti kikabaki kitupu.

Hofu ikamwingia Odile. Vijana wawili aliowapendekeza zamani walishaachwa na timu, na bosi alimwambia kuwa Laframboise ndiye nafasi yake ya mwisho. Timu ya Wade ingechagua kabla ya timu yake. Simu ikilia alishtuka. Isipolia alishtuka zaidi. Je, Wade ameniuza kwa timu yake?

Siku ya uteuzi alivaa gauni la buluu, akaketi kwenye meza ya timu yake. Mkuu wa timu ya Wade akapanda jukwaani. Odile akafumba macho.

Likatajwa jina la beki kutoka Saskatchewan.

Timu yake ikafuata, ikamtaja Laframboise. Wenzake wakampigapiga mabegani, naye akatoka nje.

Alimkuta Wade nje ya ukumbi, karibu na lifti, akiwa na skafu yake ya kijani. Shingoni hakuwa na beji ya timu.

"Beji yako iko wapi?"

"Walitaka maoni yangu juu ya kipa wako. Kuwadanganya nilishindwa, na uliyoniambia sikuweza kuyatoa. Nikakaa kimya. Wakanifukuza."

"Ungeniambia, Wade."

"Wangeona tunaongea, wangesema tumepanga. Kazi yako nayo ingekwenda."

"Nilidhani umeniuza."

"Najua. Nilikuona ukinitazama. Niliogopa kuliko wewe."

Odile akafuta macho kwa ncha ya skafu ya Wade. "Sasa utafanya nini, bwana?"

"Nitanunua tiketi kama watu wengine. Nikae kando yako, ukiniruhusu. Maisha yote."

"Na makofi utapiga?"

"Sana."

"Utaniaibisha."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo."

Septemba ile, Timmins, kipa mpya alizuia mkwaju wa kwanza. Safu nzima ya watafuta vipaji ilikaa kama mawe. Mtu mmoja tu, mwenye skafu ya kijani, alipiga makofi, na mwanamke aliyekaa kando yake hakumshusha mikono.