Jina Kwenye Kaburi la Mtoto

Kila Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Spès alipanda basi kutoka Gulfton, mtaa wao wa Houston, kwenda kwenye makaburi ya zamani ya Wayahudi. Huko, Mwalimu Prudensia, mwanaakiolojia kutoka Tanzania, aliwafundisha wanafunzi kupima makaburi, kuyapiga picha na kunakili maandishi kabla hayajafutika.

"Brashi laini na maji tu," aliwakumbusha kila mara. "Mawe haya yamechoka. Yakiparuzwa, yanamomonyoka."

Jumapili moja ya Machi 2019, Spès na mwenzake Matumaini walipewa safu ya watoto. Makaburi yalikuwa mafupi, yamebanana, mengi ya watoto waliouawa na homa katika mwaka mmoja. Matumaini alipokwenda kuchota maji, Spès alifika kwenye jiwe lililofunikwa na kuvu. Hawakuwa wamelipiga picha bado. Alitaka wamalize kabla ya wenzao, basi akatoa ufunguo wa nyumba, akaparuza. Kipande kikabanduka, kikaanguka, kikavunjika. Ndicho kilichokuwa na jina.

Akavisukumia vipande chini ya majani makavu.

"Hili limepatwa na nini?" Mwalimu aliuliza alipopita.

"Tumelikuta hivi," Spès akajibu.

Matumaini, aliyekuwa amesharudi na ndoo, alimtazama, kisha akachovya brashi yake majini. Mwalimu akaandika: limevunjika zamani, jina halijulikani.

Nyumbani, mama yake, Clothilde, alikuwa akipiga pasi sare yake ya hotelini, akijiandaa kwa zamu ya jioni. Spès akamsimulia habari za watoto wale. Mama akaiweka pasi kando.

"Kaka yako Bertrand tulimzika katika kambi ya wakimbizi, Tanzania," alisema. "Tulimwekea msalaba wa mbao. Kabla hatujaondoka, mchwa walikuwa wameshaula. Siku nikifa, hakuna atakayejua amelala wapi."

Spès alijua kwamba alikuwa na kaka aliyefariki, lakini habari za msalaba hakuwahi kuzisikia. Nje, wingu zito lilikuwa limetanda. Akaeleza yote, pamoja na uongo wake.

Mama hakumkaripia. "Mpigie Mwalimu simu sasa hivi," alisema. "Mvua ikinyesha, vipande hivyo vitaharibika."

Mwalimu akaja kuwachukua kwa gari. Kule makaburini wakapiga magoti wote watatu na kupekua majani, Clothilde akiwa ndani ya sare yake ya kazi. Walipata vipande vitatu. Cha nne kilikuwa kimekanyagwa, kimekuwa mchanga. Mwalimu akavipanga juu ya kitambaa, akavipiga picha, akavifunga. Matone ya kwanza yalianza kuanguka.

Wiki hiyo, mzee mmoja wa sinagogi asomaye Kiebrania alilitambua jina: Rivka. Vipande vilionyesha kwamba umri wake ulikuwa kwenye kile cha nne, na haukujulikana tena.

Jumapili iliyofuata, Spès aliwaambia wenzake ukweli, akamwomba Matumaini msamaha. Mwalimu akampa kalamu aandike mwenyewe jinsi jiwe lilivyovunjika.

"Kulivunja jiwe lilikuwa kosa," Mwalimu alimwambia. "Lakini uongo wako ungemzika mtoto huyu mara ya pili, na mkono wangu ndio uliouandika. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."