Mwanya Kwenye Kipeperushi

"Usinisomee, mama. Nieleze tu ulichoelewa."

Mama mwenye shavu lililovimba alikigeuza kipeperushi huku na huku. Ukumbi wa kliniki ya meno ulijaa. Watu wazima walishika mataya, watoto walilia kabla hata ya kuguswa. Mwelimishaji, ambaye wagonjwa walimwita Mwalimu wa Meno, alisubiri, kalamu mkononi. Gauni lake la kijani lilikuwa limenyooshwa vizuri kwa pasi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Huyu dada," mama akagusa picha ya mwisho, "ndiye hakupiga mswaki. Jino la mbele limeng'oka. Maskini, na bado anacheka!"

Picha ile ilikuwa ya meno yenye afya. Ulikuwa mdomo wa Mwalimu mwenyewe, mwanya wake katikati. Aliwauliza na wengine kwenye benchi. Wote wakamhurumia yule dada.

Akatoka nje ya ukumbi, akampigia simu Mchoraji aliyekichora kipeperushi.

"Mwanya wangu!" Mchoraji akaitika.

"Usiniite hivyo leo. Umenichora nini?"

"Kumbe umeiona?"

"Wagonjwa ndio wameiona. Nimekuwa mfano wa kuoza meno."

"Nakuja."

"Njoo na kifutio."

Mara ya kwanza walikutana kwenye benchi lile lile la kliniki, Mchoraji akiwa na jino bovu na kitambaa kichwani, akiogopa sindano kuliko kifo. Alimchekesha Mwalimu mpaka mwanya ukaonekana. Tangu hapo alimletea matunda, mwavuli, picha. Neno la ndoa, hata siku moja. Sasa kliniki ya mji wa mbali ilikuwa imempa Mwalimu kazi, na jibu lilitakiwa jioni hiyo. Mchoraji alipoambiwa alisema tu, "Hongera," akainamia karatasi zake.

Alifika anahema, shati lina madoa ya rangi.

"Wewe ndiye fundi?" mama akamdaka mlangoni. "Mzibie huyo dada pengo lake."

"Si pengo, mama. Ni mwanya."

"Nitajuaje, baba? Mimi naona tundu."

Mwalimu akamwingiza Mchoraji ofisini, akafunga mlango. Juu ya meza, meno ya plasta yaliwakenulia wote wawili.

"Futa."

"Nilitafuta mdomo mzuri. Sikuujua mwingine."

"Msomaji hajui kwamba unanipenda!" Akasita. Sauti ikashuka. "Hata mimi sijui. Unaniletea mwavuli, unaniachia nikisie."

"Nilidhani inaeleweka."

"Kila anayetuandikia vipeperushi hudhani hivyo." Akaketi. "Jioni nawajibu wale watu. Kama una neno, liseme. Kwa lugha nyepesi, kama unamwambia yule mama."

Mikono ya Mchoraji haikujua pa kukaa. "Unajua, maisha ya mtu na nafasi za kazi, kwa kweli, kwa kuzingatia—"

"Nyepesi!"

"Nataka nikuoe. Ukienda, nitakufuata nikuoe huko huko."

Nje, jina la mgonjwa likaitwa, kiti kikaburutwa, mtoto akapiga yowe. Mchoraji aliyatazama meno ya plasta kana kwamba yangemwombea. Mwishowe akauliza:

"Eleza ulichoelewa."

"Nimeelewa kwamba umechelewa sana." Akainua uso. "Na kwamba nitaolewa na mwanamume anayekimbia sindano."

Mchoraji akacheka kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, machozi yakiwa karibu. Mwalimu naye akashindwa kujizuia, mwanya ukachungulia.

"Lakini kazi ile naitaka," akasema. "Nawaandikia kwamba nakwenda. Utanifuata kweli?"

"Hata kesho."

"Kesho una mdomo wa kuchora. Na yule mama anarudi kuonyesha shavu lake. Tutamuuliza yeye kwanza anaelewa nini."

Mchoraji akatoa mchoro wake wa penseli na kifutio, akafuta mdomo taratibu, asiguse mashavu. Vumbi la kifutio akalipuliza kando. Uso ukabaki na macho yanayocheka na mahali peupe chini ya pua. Akaufunika kwa karatasi safi, akachukua ule mwavuli aliomletea Mwalimu, akamfungulia mlango.